Je, Kukataza Utumwa Ndiko Kuwaacha Watu Huru?



Katika darsa yetu, tulipokuwa tukizungumza juu ya dhulma na toba, mmoja wetu alileta swali ambalo halikupata jibu usiku ule. Alisema: "Mtu akiacha ovu kwa kuwa halimfai tena, wala si kwa kumcha Mungu, je, ametenda wema? Na watu wakiandika sheria ya kukataza dhulma, ilhali nyoyo zao bado zaipenda, sheria hiyo ina thamani gani?" Baadhi yetu walijibu kwa haraka kwamba haina thamani yoyote, kwani amali huhesabiwa kwa nia. Wengine wakasema kwamba nia ni siri ya mja na Mola wake, na sisi hatuna letu ila kutazama matendo.

Tuliona si vizuri kulipima swali hili kwa maneno matupu. Yafaa lipimwe kwa jambo lililopata kutokea, ambalo khabari zake zimeandikwa na zajulikana. Basi tumechagua khabari ya namna utumwa ulivyokatazwa katika nchi mpya za Marekani, zile zilizokuja kuitwa majimbo huru. Tumeichagua kwa sababu iko mbali nasi, na mtu huona ufa wa nyumba ya jirani upesi kuliko wa kwake. Tukiisha kuutazama ufa huo tutarudi nyumbani, maana mwenye kusoma makosa ya wengine asirudi kwake hakusoma kitu.

Marekani ilipotoka katika ukoloni wa Uingereza ilijikuta na nchi pana upande wa magharibi. Nchi hiyo ilikuwa na wenyewe, Wahindi Wekundu wa makabila mengi, lakini watawala wapya waliihesabu kuwa ni nchi ya kugawanywa kwa walowezi. Likazuka swali: je, mlowezi aweza kwenda huko na watumwa wake? Mwaka 1784 Thomas Jefferson alipendekeza kwamba baada ya mwaka 1800 utumwa usiwepo kabisa katika nchi zote za magharibi. Pendekezo lile lilianguka kwa upungufu wa kura moja tu. Na Jefferson mwenyewe, aliyeliandika, alikuwa akimiliki watumwa, na aliendelea kuwamiliki mpaka kufa kwake.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 13 Julai 1787, Bunge lilipitisha sheria ya kutawala nchi zilizo kaskazini-magharibi ya Mto Ohio. Ndizo nchi zilizokuja kuwa majimbo ya Ohio, Indiana, Illinois, Michigan na Wisconsin, pamoja na sehemu ya Minnesota. Kifungu cha sita cha sheria hiyo kilisema kwamba katika nchi hizo hapatakuwa na utumwa wala utumishi usio wa khiari. Ni maneno machache yaliyo wazi, na mwenye kuyasoma peke yake angedhani ya kuwa jambo limekwisha.

Lakini mwenye kusoma na asome mpaka mwisho. Kifungu hicho hicho kiliacha milango miwili wazi. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mkosaji: aliyehukumiwa kwa jinai aliweza kutumikishwa bila ya khiari yake. Wa pili ulikuwa wa mkimbizi: mtumwa aliyetoroka kutoka jimbo la utumwa akaingia nchi hii, bwana wake alikuwa na haki ya kuja kumchukua. Yaani ardhi ilitangazwa kuwa huru, lakini si kila aliyeikanyaga alikuwa huru.

Na nia je? Watu wa majimbo ya kusini, wenye kumiliki watumwa, waliikubali sheria hii. William Grayson, mjumbe wa Virginia, alieleza katika barua yake ya mwaka huo kwamba wajumbe wa kusini walikubali, pamoja na sababu nyingine za kisiasa, ili tumbaku na nili zisilimwe ng'ambo ya Mto Ohio. Walikhofu kwamba wakulima wapya wenye watumwa wangeshindana nao sokoni. Na ili ijulikane kwamba hawakuchukia utumwa wenyewe, tutazame upande wa kusini wa mto huo. Mwaka 1790 nchi iliyokuja kuwa jimbo la Tennessee ilipokabidhiwa kwa serikali ya Marekani na North Carolina, ilikabidhiwa kwa sharti kwamba isitungwe kanuni yoyote ya kuelekea kuwaacha watumwa huru. Mto mmoja, serikali moja, na muda wa miaka mitatu tu kati ya sheria mbili. Ng'ambo hii ni haramu, na ng'ambo ile ni halali iliyolindwa! Laiti haki ndiyo iliyowaongoza, haki haikatwi vipande kwa mto.

Sasa tutazame sheria ilivyotendeka. Kabla ya mwaka 1787 walikuwako walowezi wa Kifaransa katika miji ya Vincennes na Kaskaskia wenye watumwa wao. Watumwa hawa walipata nini siku ile sheria ilipotoka? Hawakupata kitu. Gavana Arthur St. Clair alifasiri kwamba sheria yazuia kuleta watumwa wapya tu, wala haiwagusi wale waliokwisha kuwako. Basi mtumwa alilala mtumwa katika nchi ya utumwa, akaamka mtumwa katika nchi huru.

Kisha ikaja hila kubwa kuliko hiyo. Wakuu wa Indiana, chini ya Gavana William Henry Harrison, waliliomba Bunge mara kadha wa kadha kifungu cha sita kisimamishwe kwa muda. Walipokosa, walitunga sheria zao wenyewe. Sheria ya mwaka 1805 ilimruhusu bwana kuingia Indiana na mtumwa wake aliyezidi umri wa miaka 15, kisha katika siku 30 ampeleke kwa karani wa mahkama, wapatane juu ya miaka ambayo mtumwa atamtumikia. Mtumwa akikubali, haitwi tena mtumwa, bali mtumishi kwa mkataba. Na akikataa, bwana alipewa siku 60 za kumtoa na kumrudisha katika nchi ya utumwa. Na wale walio chini ya umri huo waliandikwa tu bila ya kuulizwa: mwanamume atumike mpaka miaka 35, na mwanamke mpaka miaka 32. Ilipatikana mikataba ya miaka 40, na mingine ya miaka 90 na zaidi. Ni mwanadamu gani atakayeishi mpaka amalize mkataba huo?

Twawauliza wasomaji wetu waliosoma fiqhi: je, hii ni ridhaa? Mtu asimamishwe mbele ya karani, aambiwe, "Tia alama yako hapa, ama urudi ukauzwe sokoni," kisha tuseme amekubali kwa khiari yake? Mlango wa ikrahi katika vitabu vyetu waeleza wazi kwamba kauli iliyotolewa kwa nguvu si kauli. Na hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Sheria yetu nayo yajua hati baina ya bwana na mtumwa, nayo ndiyo mukataba, iliyotajwa katika Sura ya An-Nur. Lakini mukataba ni hati ya kutokea utumwani: mtumwa ndiye aombaye, na bwana ameamrishwa akubali akimwona ana kheri, tena amsaidie kwa mali. Hati ya Indiana ilikuwa mlango wa kuingilia. Zote mbili ni karatasi, na zote mbili zina alama ya kidole cha mnyonge. Lakini moja ni ufunguo na nyingine ni kufuli. Basi yatupasa tusidanganyike na sura ya hati mpaka tujue yampeleka wapi mwenye kutiwa ndani yake.

Illinois ilikuwa mbaya zaidi. Ilipoingia kuwa jimbo mwaka 1818, katiba yake ilikataza utumwa mpya, lakini ikaiacha mikataba ile ya zamani, na ikaruhusu watumwa wa majimbo mengine wakodishwe mpaka mwaka 1825 katika kazi ya chumvi karibu na Shawneetown. Kazi ile ilikuwa ya moto na moshi, ya kuchemsha maji ya chumvi mchana na usiku. Kwa hiyo hata katika jimbo huru, palipokuwa na kazi ngumu yenye faida, palipatikana neno la kuihalalishia.

Hata hivyo tusiseme kwamba hapakuwa na watu wa haki. Alikuwako Edward Coles, kijana wa Virginia aliyerithi watumwa kwa baba yake. Mwaka 1819 aliwachukua, akawasafirisha kwa mashua katika Mto Ohio, na walipokuwa mtoni akawatangazia kwamba wako huru. Kisha akawapa wakuu wa jamaa ekari 160 za ardhi kila mmoja katika Illinois. Hakuwaacha huru kwa ulimi akawatupa njiani. Aliwapa na pa kuanzia maisha. Mwaka 1822 akawa gavana wa jimbo hilo, na wenye kuutaka utumwa walipotaka kura ya kuitisha mkutano wa kubadilisha katiba, alisimama dhidi yao na kutoa mshahara wake katika vita hivyo. Mwezi Agosti 1824 watu walipiga kura: 4,972 waliutaka mkutano, na 6,640 waliukataa. Na mtu huyu alipata malipo gani? Alishtakiwa mahkamani kwa kosa la kuwaacha watu huru bila ya kuweka dhamana ya dola 1,000 kwa kila mmoja wao, akahukumiwa kulipa dola 2,000, mpaka alipoondolewa hukumu hiyo baadaye. Katika jimbo huru, mwenye kufunga watu kwa mikataba ya miaka 90 hakushtakiwa, na mwenye kuwaacha huru ndiye aliyeshtakiwa!

Hapo ndipo ndugu zetu waliosema "sheria isiyo na nia haina thamani" wangepata nguvu. Lakini twawaomba wangoje kidogo, wasikilize khabari za wanawake wawili.

Wa kwanza aliitwa Polly, mtumwa katika mji wa Vincennes. Katiba ya Indiana ya mwaka 1816 ilikataza utumwa, lakini bwana wake alidai kwamba mamake Polly alikuwa mtumwa kabla ya sheria ya 1787, na kwa hiyo mtoto ni mali yake. Mahkama ya chini ikamkubalia bwana. Polly hakunyamaza, kesi ikapanda mpaka Mahkama Kuu ya Indiana, na mwaka 1820 Mahkama hiyo ikahukumu kwamba katiba imeuondoa utumwa kabisa, na Polly yu huru. Wa pili aliitwa Mary Clark, aliyekuwa amefungwa kwa mkataba wa miaka 20. Naye alikwenda mahkamani, naye alishindwa kwanza. Mwaka 1821 Mahkama Kuu ilitoa hukumu yenye hekima kubwa: ikiwa mwanamke huyu amekuja hapa kuomba aachiliwe, hiyo yenyewe ni dalili kwamba utumishi wake si wa khiari, na utumishi usio wa khiari umekatazwa. Karatasi yenye alama yake haikuweza kuushinda ulimi wake.

Tuyafikiri haya. Maneno aliyoyashika Mary Clark yaliandikwa mwaka 1787 na wajumbe ambao baadhi yao walikuwa wakifikiri bei ya tumbaku. Hawakumjua, wala hawakumkusudia. Lakini maneno ya haki, hata yakiandikwa na mkono usio safi, ni kamba iliyoning'inia kisimani: aliyeitupa huenda alikuwa na shughuli yake nyingine, bali aliye chini ya kisima aweza kuishika akapanda. Basi asiseme mtu kwamba sheria haina thamani. Haina thamani kwa aliyeitunga akitafuta thawabu, lakini ina thamani kubwa kwa mwenye kudhulumiwa.

Ila kamba si ngazi, na wengi kisimani hawakuifikia. Na hata waliotoka waliikuta nchi haiwataki. Ohio ilikataza utumwa katika katiba yake ya 1802. Mwaka 1804 ikamtaka kila mtu mweusi awe na cheti cha mahkama cha kuthibitisha kwamba yu huru. Na mwaka 1807 ikamtaka anayehamia huko apate wadhamini wa dola 500. Indiana katika katiba yake ya 1851 ilikataza watu weusi kuingia na kukaa. Illinois ikafanya mfano wa hayo mwaka 1853. Na mfano ulio wazi kuliko yote ni Oregon, iliyo mbali magharibi katika pwani ya Pasifiki. Mwaka 1857 watu wake waliulizwa maswali mawili siku moja. Je, mwautaka utumwa? Waliokataa walikuwa 7,727, na waliokubali 2,645. Je, mwawataka watu weusi walio huru wakae kwenu? Waliokubali walikuwa 1,081, na waliokataa 8,640. Waliomkataa mtu huru walikuwa wengi kuliko waliokataa utumwa! Na kifungu hicho cha kuwafukuza kilibaki katika katiba ya Oregon mpaka mwaka 1926.

Hapa ndipo tulipoliona jibu la swali letu. Kuna mwenye kuchukia utumwa kwa sababu ampenda mtumwa, na kuna mwenye kuuchukia kwa sababu hataki kumwona mtumwa. Wote wawili hupiga kura moja, na siku ya kura huwezi kuwatofautisha. Watatofautiana kesho yake, pale aliyeachwa huru atakapobisha hodi kutaka kazi, ardhi, na ujirani.

Yaliyofuata yajulikana. Mwaka 1857 Mahkama Kuu ya Marekani ilimkatalia Dred Scott, aliyekaa miaka kadha katika Illinois na katika nchi huru ya Wisconsin pamoja na bwana wake; ikasema kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halina uwezo wa kukataza utumwa katika nchi mpya. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 19 Juni 1862 Bunge likaukataza utumwa katika nchi mpya zote, na mwisho wa mwaka 1865 ukakatazwa Marekani nzima. Na maneno yaliyotumika yalifuata yale yale ya 1787, pamoja na mlango ule wa mkosaji. Kupitia mlango huo maelfu ya watu weusi wa kusini walikamatwa kwa makosa madogo madogo, wakakodishwa kwa wenye mashamba na machimbo. Alabama haikuacha kukodisha wafungwa mpaka mwaka 1928. Mlango uliosahauliwa kufungwa siku moja ulipitisha watu kwa zaidi ya miaka mia.

Kwa hayo twahitimisha mambo matatu. La kwanza: sheria ya haki isidharauliwe kwa ubaya wa nia ya waliyoitunga, kwani yaweza kumfaa mnyonge. La pili: sheria isitoshelezwe nayo, kwani dhulma iliyofukuzwa kwa jina lake hurudi kwa jina jingine ikiwa nyoyo bado zaipenda. La tatu: mizani ya kukataza uovu si fahari ya aliyekataza, bali ni kile alichokipata aliyedhulumiwa siku ile.

Sasa na turudi nyumbani kama tulivyoahidi. Iko kauli ipendezayo watu wetu: "Utumwa wa Wazungu ulikuwa mbaya, na wetu ulikuwa wa huruma." Sisi twasema: dhambi ya jirani haifui nguo ya mtu. Dini yetu ilifanya kuacha shingo huru kuwa ni kafara, na ni fungu katika mafungu ya zaka, na katika Sura ya Al-Balad ndiko kupanda mlima mgumu. Milango yote hii ilikuwa wazi kwetu kwa karne nyingi. Lakini utumwa katika Unguja na Pemba haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897, na katika Pwani yetu ya Kenya mpaka mwaka 1907, tena kwa amri zilizosukumwa na Waingereza. Twajivunia mlima, na hatukuupanda. Na amri ile ya 1897 nayo ilikuwa na milango yake: mtumwa hakuwa huru mpaka aende mwenyewe kuomba, bwana ndiye aliyelipwa fidia, na aliyeachwa huru akikosa makao na kazi alihesabiwa mzururaji.

Na leo je? Sheria imekwisha, lakini kijana mwenye dini na tabia njema huenda kuposa, na baba wa msichana huuliza babu wa babu yake alikuwa nani. Akisikia neno moja la kunong'onezwa juu ya nasaba, posa hukataliwa kwa kisingizio cha kafaa. Hiyo ndiyo Oregon ya nyumbani kwetu: tumekataa utumwa kwa kura moja, na kumkataa mtu huru kwa kura ya pili. Bilal alipanda juu ya Al-Kaaba akaadhini, na sisi twamkatalia kizazi cha wenzake kukaa nasi jamvi moja la harusi. Na wako mabinti wa nchi yetu waendao Uarabuni kwa kazi za nyumbani, ambako hutokea mwajiri akamzuilia mtumishi pasi yake ya safari mpaka mkataba uishe. Na hapa kwetu wako watoto waletwao kutoka bara kufanya kazi majumbani bila ya saa ya kupumzika wala mshahara wa haki, tukasema, "Tumemlea." Jina ni zuri, lakini Indiana nayo ilikuwa na jina zuri.

Basi kila mwenye kusoma haya na ajiulize: ni dhulma ipi niliyoikataza kwa ulimi, na mlango wake nimeuacha wazi? Na aliyenikimbilia akitaka haki yake, je, amepata kitu? Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kufungua shingo, wala asitujaalie kuwa katika wenye kubadilisha majina ya minyororo. Amin.